Unga wa Kazi Tatu

Levi Ndolo alianza kujitangaza akiwa bado anavaa kaptula. Kule Muthetheni alikozaliwa, waliosoma naye wanamkumbuka akiinua mkono kabla mwalimu hajamaliza swali, na akipewa nafasi anasema, "Nilikuwa nataka kusema vile tu mwalimu atasema." Alikua na tabia hiyo, akasoma nayo, akaenda nayo ng'ambo, akarudi na udaktari wa kemia. Kilichobadilika ni suti.

Mkewe, Nthambi, alikuwa na duka la rangi na simenti pale Kyumbi, penye njia panda ya kuingia Machakos. Duka hilo ndilo lililojenga nyumba, likaweka tangi la maji ya mvua, likasomesha Mutiso, mtoto wao wa kwanza, na waliomfuata. Mshahara wa Levi huko chuoni ulikuwa na shughuli zake nyingine: suti, harambee za watu wakubwa, na heshima ya kuitwa mbele kanisani. Watu wa Kyumbi walimwita Nthambi bibi ya daktari. Aliitika tu. Kuwaeleza nani anamlisha nani kungechukua siku nzima, na mteja amesimama hapo anangoja misumari.

Kwa miaka mingi Levi alihubiri habari ya unga wake. Alihubiri mezani, alihubiri matangani, na siku moja alimhubiria fundi aliyekuja kuziba choo. Jambo lenyewe halikuwa gumu, ukimtoa Levi kwenye maelezo. Rangi inahitaji kitu cha kuilainisha, kile kimiminika chenye harufu tamu kama ya dawa ya kutoa rangi ya kucha. Viwanda vinakiagiza kutoka nje. Lakini kinaweza kutengenezwa kwa spiriti, na spiriti inatokana na molasi, ule uji mweusi wa kunata unaobaki miwa ikishakamuliwa sukari, ambayo hapa watu wanalishia ng'ombe. Taabu ni kwamba kutoka kwa spiriti mpaka kwa kimiminika kuna kazi tatu. Kwanza spiriti inavuliwa kitu fulani. Halafu vipande viwili vinaunganishwa. Halafu kile kilichounganishwa kinamaliziwa kisije kikaachana. Kila kazi inataka mtungi wake, moto wake na watu wake.

Hapo ndipo unga unapoingia. Unatengeneza punje zenye shaba mahali hapa na madini mengine mahali pale, zimekaa jirani kabisa. Spiriti inageuzwa mvuke, inapitishwa juu ya hizo punje zikiwa moto, na kazi zote tatu zinafanyika hapo hapo kabla mvuke haujatoka upande wa pili. Wasomi wanaita kichocheo: kinafanya kazi na hakiishi. Levi alipenda sana habari hiyo ya kitu kimoja kufanya kazi tatu kwa mpigo. Yeye mwenyewe nyumbani hakuwa na hata moja.

Na hata huo unga, alichokuwa nacho ni wazo. Mwenye unga alikuwa Mwelu.

Mwelu alikuwa mwanafunzi wake wa shahada ya juu, msichana wa Ekalakala, mwembamba, mkavu, anayesalimu kana kwamba kila neno linakatwa kwenye mshahara. Nthambi hakumpenda. Alikuja nyumbani kutumia tanuri lililokuwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, akala chakula, akaacha sahani pale alipokalia, akarudi kibandani. Lakini alifanya kazi. Unga wa Levi wa zamani ulikuwa unachoka upesi, unaanza vizuri na kufa kabla ya chakula cha mchana, kama vibarua fulani. Mwelu ndiye aliyegundua namna ya kuisambaza shaba ikae mbalimbali kama mbegu zilizopandwa kwa kamba, isirundikane. Alichoma ndoo baada ya ndoo mpaka akaipata. Levi alipita akaangalia, akasema ndivyo alivyokuwa akiwaza.

Sasa kuna kiwanda cha rangi huko Mavoko kikasikia. Wakasema watatuma watu. Wanataka unga mpya, uliotengenezwa kwa ajili yao, si ule uliokwisha kujaribiwa na kuchezewa. Ukifanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni bila kuchoka, wanauchukua, na wanamwajiri mtu anayejua kuutengeneza tena. Mtu mmoja. Basi mambo yote yalikuwa hapo. Mwelu aliitaka hiyo kazi, kwa sababu alikuwa amemaliza kusoma na hakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa kurudi Ekalakala kumsaidia mamake kuuza nyanya sokoni. Levi aliitaka kwa sababu alikuwa anastaafu mwakani, na hakuweza kuvumilia wazo la kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayesimama akiingia.

Akapanga. Kwanza akasema majaribio yatafanyiwa nyumbani, si chuoni, maana chuoni kuna mkuu wa idara, na mkuu wa idara angetaka kusimama kwenye picha. Pili akamwambia Mwelu aende kwao apumzike, amefanya kazi sana. Mwelu akauliza unga mpya utatengenezwa na nani.

"Mimi nilikuwa natengeneza vichocheo wewe ukiwa bado unanyonya," Levi akamwambia.

Mwelu hakubishana. Alijua anafukuzwa, na alijua pia kwamba bila sahihi ya Levi masomo yake hayahesabiki. Alipita dukani na begi lake mgongoni, Nthambi akiwa anampimia mtu nondo, akasimama mlangoni bila hata habari yako.

"Mama Mutiso, mwambie daktari asiguse maji ya kisima akiosha. Shaba ikionja chumvi inajikusanya inalala. Mimi nimemwambia, lakini mwambie tena."

Nthambi akasema atamwambia. Msichana akaenda zake.

Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Nyumba ya Nthambi, kama nyumba nyingi upande ule, ilikuwa na maji ya aina mbili, na kila mtoto aliyelelewa pale alijua sheria yake kabla ya kujua kusoma. Maji ya tangi, yale matamu ya mvua, ni ya kunywa, ya kupika na ya wageni. Maji ya kisima, ambayo sabuni inayakataa na ambayo ukiyapikia chai maziwa yanakatika yanakuwa kama matapishi, ni ya kuosha. Kuosha nguo, kuosha sakafu, kuosha miguu. Mtu akichota ya tangi akaoshea kitu, anaulizwa kama ameona mto unapita jikoni.

Unga wa Levi ulitakiwa kuoshwa. Unatengenezwa kwa kuchanganya maji ya shaba na maji ya magadi mpaka linatulia tope la buluu linaloelekea kijani, halafu hilo tope linachujwa kwa kitambaa na kuoshwa tena na tena kwa maji safi kabisa, ndipo likaushwe, lichomwe na kukatwa punje. Chuoni kuna mtambo wa maji safi ya namna hiyo, lakini ulikuwa umeharibika, unangoja kipuri. Tangi la nyumbani lilikuwa limebaki maji ya chini, yale unayoinamisha kichwa kuyaona.

Nthambi alimkuta kibandani na ndoo ya tope mbele yake na mitungi miwili kando. Mmoja alikuwa ameshauziba kwa kifuniko akauweka mbali, kivulini, kama mtoto mchanga. Alimwambia maneno ya Mwelu.

"Mwelu amesema," Levi akarudia, akitikisa kichwa. "Mama Mutiso, hayo maneno nilimfundisha mimi."

"Basi si uyafuate."

Levi akaweka ndoo chini, akajipangusa mikono, akaanza kumweleza polepole kwa ile sauti aliyotumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maji matamu yaliyobaki hayatoshi mambo mawili. Watu wanakuja kutoka Mavoko, injinia mzima, na pengine mtu wa Nairobi. Watapikiwa chai ya maji gani? Ya kisima? Maziwa yakatike mbele ya wageni wa kiwanda, waende wakasema kwa Daktari Ndolo tulinyweshwa chumvi? Hilo haliwezekani. Unga utaoshwa na maji ya kisima mara za kwanza, halafu atamalizia na jagi moja tamu, na hiyo chumvi kidogo haitafanya kitu.

Nthambi akamwambia kwenye kituo cha petroli pale barabarani wanauza maji ya betri, masafi, chupa zimepangwa mlangoni.

"Hayo ni maji ya makanga wa matatu," Levi akasema. "Nani anajua wanajazia wapi? Siwezi kuweka kichocheo changu kwa maji siyajui."

Akachota maji ya kisima, ambayo alikuwa anayajua vizuri sana, akayamimina juu ya tope.

Nthambi alimwangalia kidogo. Ule mtungi uliozibwa, wa maji matamu ya chai, ulikuwa pale kivulini, karibu na mguu wake. Angeweza kuuinamisha ndani ya ndoo mambo yakaisha. Lakini alikuwa ameshasema, na kusema mara ya pili ni kubembeleza, na huyu mwanamume alikuwa amebembelezwa na watu wengi mno tangu Muthetheni. Akaenda kufungua duka.

Siku yenyewe Levi alivaa suti ya kijivu na viatu vilivyong'arishwa kuliko uso wake. Alikuwa amemwalika Pasta Musili aje aombee mitambo. Kiwanda kilileta watu wawili tu. Mmoja ni Injinia Muthoka, mtu wa tumbo, simu haitoki sikioni. Wa pili alikuwa dada mmoja kijana wa kiwandani aitwaye Lavender, mkemia, nywele fupi, raba miguuni, Kiswahili chake nusu Sheng ya mtaani. Levi alimpa Muthoka mkono kwa mikono miwili. Lavender yeye akaonyeshwa tu mahali pa kukaa.

Pasta aliomba kwa urefu. Akaombea shaba, akaombea Kenya, akaombea kustaafu kwa daktari kuwe mwanzo na si mwisho. Kisha Levi akahutubu, akasema huu unga ameubeba moyoni maisha yake yote na ameutengeneza kwa mikono yake hii, akainyanyua ionekane. Jina la Mwelu halikutoka. Wakati huo Nthambi alikuwa anapanga meza: kuku, mandazi, na chai ya maji ya mvua kwenye chupa kubwa, imeiva, rangi yake nzuri, maziwa yametulia.

Wageni wakafungua gari wakatoa maji yao ya chupa. Muthoka akasema kwa sababu ya sukari ameacha chai siku hizi. Lavender akasema yeye maziwa humsumbua tumbo, asante sana mum. Pasta Musili alikunywa. Alikunywa akaongeza, akasifu.

Mtambo ukawashwa. Ulikuwa paipu ya chuma iliyolazwa ndani ya tanuri, punje za unga zimejazwa katikati. Spiriti inadondoka upande huu, upande ule mvuke unapita kwenye barafu na kudondokea kwenye chupa ya kioo. Matone ya kwanza yalipotoka, harufu tamu ilijaa kibandani, ile ile ya duka la Nthambi mtu anapofungua kopo. Lavender akanusa, akamnong'oneza Muthoka kwamba iko poa. Levi akarefuka. Alianza kumweleza Muthoka ofisi yake huko kiwandani ingefaa ielekee upande gani, kwa sababu jua la jioni linamsumbua macho.

Kabla ya saa sita harufu ikaanza kupungua. Levi akasema ni upepo. Akafunga dirisha. Baadaye akasema ni spiriti, siku hizi wanauza spiriti mbovu. Lavender alikuwa anabadilisha chupa na kuzipanga mstari, ananusa moja, anarudi kwa nyingine. Mwishowe akachukua ile ya karibuni akampa Injinia Muthoka.

Muthoka aliipeleka puani, akaitoa, akairudisha.

"Daktari," akasema, "hii si ni pombe?"

Ilikuwa pombe. Spiriti ilikuwa inaingia upande huu, inapita kwenye shaba na moto na maombi ya Pasta, na inatoka upande ule spiriti, imesafiri tu. Lavender akaeleza kwa lugha yake, kwamba asubuhi ilikuwa inafanya job, saa hii imezima, inatoa vile tu imepewa. Shaba imejikusanya. Akasema huko kiwandani wamewahi kuona hivyo kwenye majaribio, na ilikuwa ni chumvi ya maji. Kisha akamgeukia Levi akamuuliza nani aliosha huu unga.

Nthambi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, maana bado kulikuwa na chai na hakuna mnywaji. Alimwona mumewe akishusha mabega. Akaona uso wake ukilegea, ukavaa huzuni, na sauti ikatoka laini, ile ya matanga, ile aliyotumia akimsifu mtu ambaye hakuwahi kumtembelea akiwa mgonjwa.

"Mwanafunzi wangu," Levi akasema. "Msichana mmoja anaitwa Mwelu. Nilimwachia kazi ndogo tu ya kuosha, nikamwamini. Vijana wetu hawa, injinia, hawana uangalifu. Itabidi nichukue hatua huko chuoni. Inaniuma, kwa sababu ni kama mtoto wangu."

Muthoka alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ni vizuri amejua mapema, maana jina hilo walikuwa wamelisikia kwa watu wa chuo na walikuwa wanafikiria kumwita. Basi hawatamwita.

Nthambi alikuwa amenyamaza mambo mengi katika ndoa hiyo. Alinyamaza Levi aliposimama kanisani akasema amejenga nyumba. Alinyamaza alipowaambia wakwe kwamba duka alimfungulia yeye ili asikae bure. Hayo aliyaona kama kelele za kuku, mtu hawezi kubishana na kuku. Lakini hii sauti ya huzuni ilimkera kuliko uongo wenyewe. Mtu anachinja mtoto wa watu na anataka apewe pole kwa kuloa damu.

"Mwelu yuko kwao Ekalakala wiki yote," akasema. "Umeosha wewe, Baba Mutiso. Na maji ya kisima, ndio wageni wapate chai tamu."

Pasta Musili aliangalia kikombe chake. Levi alicheka kidogo, akamwambia Muthoka kwamba mama hajui mambo ya maabara, yeye ni mtu wa simenti.

"Sijui," Nthambi akasema. "Nilikuona tu ukichota."

"Ile ilikuwa ni mara za kwanza tu," Levi akasema, amekasirika sasa. "Nilimalizia na jagi tamu."

Halafu akasikia alichosema. Lavender aliiangalia meza, vikombe safi vimepangwa, chai inapoa, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono asicheke mbele ya mzee. Akamuuliza Nthambi kama ako na namba ya huyo Mwelu. Nthambi akampa.

Jioni hiyo Levi aliongea peke yake nyumba nzima. Mke gani anamvua mumewe nguo mbele ya wageni? Angengoja waende. Angemwita kando. Nthambi alikuwa anachambua mchele. Akamuuliza wageni wakishaenda, yule msichana angeitwa kando na nani. Levi akasema hayo ni mambo ya chuo. Kesho yake alimtuma Pasta Musili aje kuongea na Nthambi juu ya mke kumfunika mume. Pasta alianza vizuri, na aya zake zimepangwa, lakini Nthambi alimwambia, "Pasta, ile chai uliinywa wewe," na baada ya hapo mazungumzo yakawa ya bei ya rangi ya kupaka ukuta wa kanisa.

Mwelu alirudi, akafanya unga mwingine, huko huko Mavoko, na maji yao. Ulifanya kazi siku nzima, wakauacha usiku, wakaukuta unafanya kazi. Wakamchukua. Chuoni Levi alijaribu kuchelewesha sahihi, akasema bado anaisoma kazi ya msichana kwa makini, lakini mkuu wa idara alikuwa amesikia ya kisima kutoka kwa watu wa kiwanda na alikuwa anaisimulia kila mahali penye viti, kwa hivyo Levi akatia sahihi haraka, kabla haijafika Muthetheni. Ilifika hata hivyo.

Msichana alipita dukani siku ya kuanza kazi, amevaa viatu vipya vinavyombana. Alisimama pale pale mlangoni.

"Mama Mutiso, ulinisaidia."

"Sikukusaidia wewe," Nthambi akamwambia. "Nilichoka kumsikiliza yeye."

Mwelu akafikiria hilo, akaona ni sawa, akaenda. Hakusema asante, na Nthambi hakuingoja. Angeona kama msichana anaigiza.

Levi hakukaa kimya, hawezi. Mvua ziliponyesha alikuwa ameshatengeneza hadithi mpya, akaitoa kwenye matanga ya jirani: kwamba kiwanda kilimbembeleza sana, lakini aliona ni wakati wa kuwaachia vijana. Wazee wengine wakapiga makofi. Nthambi alikuwa nyuma na akina mama, anakata kabichi, na wale wa karibu walimgeukia waone atasema nini. Aliendelea kukata. Huyo alikuwa anajidanganya mwenyewe sasa, bila kumpanda mtu mgongoni, na kwa hilo ana ruhusa.

Baada ya Krismasi Nthambi alienda Mavoko kuchukua mzigo wa rangi. Pale kwenye uwanja wa kupakia alimwona Mwelu kwa mbali, koti jeupe, anamkaripia mtu wa paipu, mzee kumzidi. Nthambi hakuitwa hata kukaa. Alipakia makopo yake akarudi.

Levi alikuwa sebuleni na suti, hakuna anakokwenda. Alimwacha mkewe aingize mzigo wote stoo, yeye na kibarua tu, halafu akauliza kama alimwona yule msichana.

"Nimemwona."

"Bado wako na ule unga?"

"Wako nao. Unafanya kazi."

Levi alinyoosha kola. Aliangalia dirishani, akakohoa, akaangalia tena.

"Na mimi," akasema, "wananitaja vipi huko?"

"Hawakutaji," Nthambi akasema, akapita kwenda jikoni kuweka chakula motoni.